Saa Kumi na Mbili Kamili

Nilikuambia, shangazi, chagua rangi moja.
Ukacheka hadi sindano ikakuanguka:
"Rangi moja? Kabatini nina nyuzi mia na kumi!"
Kisha ukainua roli ya kijani, kijani cha chupa ya mvinyo,
iliyobaki siku kiwanda kilipofungwa
na wanawake mia tatu wa Łódź wakarudi nyumbani
na mikasi yao mifukoni.
"Hii," ukasema. "Wakati ule haikupata mnunuzi. Labda sasa."

Tukaanza na simu yangu yenye ufa,
imeegemezwa kwenye kopo la vifungo.
Uso wako hukutaka uonekane.
Mikono tu, na kastabini ya shaba kidoleni,
na nje ya dirisha tramu ikikata kona kwa kilio,
kila jioni, saa kumi na mbili kamili,
na neno lako la mwisho, lile lile, kavu kama chaki:
"Kisichotupwa hushonwa."

Mwezi wa kwanza, wafuasi kumi na mmoja:
wanne ndugu, mmoja roboti muuza sabuni.
Wahenga husema chema chajiuza.
Huko mtandaoni, shangazi, hata chema
huvaa viatu kikajitembeza kidogo.

Theluji ikaja. Ukashona.
Umeme ukakatika. Ukashona kwa mshumaa,
nami nikishika simu, vidole vikiganda.
Kutoka Gdynia mjane akatuma koti la marehemu,
bitana imechanika pale alipozoea kuweka funguo.
Hukuziba tundu lote.
Uliacha mahali pa funguo.
Usiku ule watu elfu arobaini waliitazama mikono yako,
na wewe ukauliza tu
kama supu imechemka.

Basi wakaja wenye gundi.
Gundi ya nguo, bomba la pinki, sekunde tano tu utaje jina lake,
na malipo ya kutosha kodi yangu ya miezi saba.
Nilikusihi. Nilikuwa na deni, nilikuwa na miaka ishirini na minne.
Ukanijibu uzi ukiwa mdomoni:
"Mkono ulioshona jana
utasifu gundi leo kwa ulimi gani?"
Sikulala. Nilikuita mkaidi,
moyoni, kwa herufi kubwa.

Februari, barafu ya uani, ukateleza.
Kifundo cha mkono wa kulia, mifupa miwili.
Nami, kwa kuogopa saa kumi na mbili ipite tupu,
nikafukua video za zamani, nikazirusha siku tisa.
Hakuna aliyegundua. Mioyo ilimiminika.
Siku ya kumi ukaiona simu yangu:
"Nani huyo anashona, Jagna,
na mimi nimelala hapa?"

Nikakosa jibu. Bado sina.

Jioni ile ukaketi mezani na plasta yako nyeupe,
kastabini imehamia mkono wa kushoto, imelegea,
kijani kikayumba kitambaani
kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Dakika kumi na nne, kifungo kimoja.
"Kisichotupwa," ukasema, ukavuta pumzi,
"hushonwa."

Wakakupenda kupita kiasi.
Mkono umepona, na bado wanaandika:
tutumie mshono wa kushoto, ule uliopinda,
tutalipa mara mbili.
Nikakusomea, ujumbe baada ya ujumbe,
sauti yangu ikipanda kila penye bei.
Ukavua miwani, ukaifuta kwa upindo wa aproni:
"Waambie nimepona.
Sichechemei ili kumfurahisha mtu.
Na uwashe simu, mtoto. Tramu inakuja."