Namba Arubaini na Moja

Udongo wenyewe hauna sifa.
Tuliuchota Mahut, kwenye uwanda wa chumvi,
kijiko kimoja cha chai, kifuko, kalamu ya wino usiofutika:
tarehe, saa, joto la ardhi nyuzi hamsini na mbili.
Hilal dereva alibaki garini na kiyoyozi chake,
akauliza kama Nizwa mchanga umekwisha.

Nilicheka. Lakini ni swali.
Watoa fedha nao huliuliza, kwa maneno marefu zaidi.

Ndani ya kijiko kile mna mji.
Hakuna kivuli, chumvi inakata ulimi,
na humo wanaishi wasioonekana, wamebanana,
kila mmoja na jirani asiyemtaka.
Hawana meno. Hawana mahakama.
Wana kemia.
Huyu hutoa tone dogo, dogo kuliko neno lenyewe,
na jirani husogea, au hufa.
Sisi tukaliokota tone lile tukaliita dawa.
Dawa ya moto ni moto:
waliosema hivyo hawakuwa na hadubini.

Mwezi wa kwanza hapakuota kitu.
Wa pili, ukungu wa mkate, kosa langu, sikuziba vizuri.
Wa tatu nikapunguza chakula,
maana aliyezoea njaa, shibe humwua.
Za mwizi arubaini; yangu ilikuwa ya arubaini na moja.
Kwenye sahani hiyo likatokea doa la unga mweupe,
kavu, limekunjamana
kama uso wa mtoto wa siku mbili.

Nikaliweka mbele ya adui.
Adui tulimpata hospitali, kwenye kidonda cha mguu
wa mtu mwenye sukari. Sikuambiwa jina.
Niliambiwa tu kwamba dawa sita zimeshindwa
na kidole cha pili kimeshakatwa.
Asubuhi nikafungua kabati la joto:
adui ametanda sahani nzima kama kanga,
pindo hadi pindo,
na katikati, kulizunguka doa langu,
mji mtupu.
Milimita kumi na tisa.
Nilipima mara tatu. Ghalya akapima ya nne
kwa sababu mkono wangu ulikuwa unatetemeka.

Kisha miezi minane ya kuchuja.
Lita ishirini za mchuzi wenye rangi ya chai kavu
zikawa chupa, chupa ikawa kijiko,
kijiko kikawa vumbi la manjano
lisilofika uzito wa unywele wa kope.
Mashine ikalipima.
Dakta Muhenna akausoma uzito ule,
akautafuta kwenye orodha, akavua miwani.
"Inajulikana," alisema. "Tangu kabla hujazaliwa.
Huua figo."

Sikulia. Nilifuta meza, nikaifuta tena.
Nikarudi nyumbani na koti nililosahau kulivua.

Mama alikuwa anachambua mchele.
Akainua kichwa. Akanusa.
"Mvua imenyesha wapi?"
Hakuna mvua, mama. Mwezi wa saba huu, Nizwa.
Akaushika mkono wa koti, akauleta puani,
akafumba macho,
mwanamke aliyeondoka Konde na miaka tisa,
akasema taratibu:
"Huu udongo umerowa sasa hivi."

Ni kweli. Vijidudu vyangu ndivyo vinavyoitoa harufu ile.
Ni molekuli nyingine, ndogo zaidi,
haiui mtu, haimponyi mtu,
nayo imo kwenye orodha, kurasa za zamani kabisa.
Nilitaka kumweleza. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.
Lakini mama alikuwa bado ameshika koti,
na mchele umemwagika magotini, haoni.

Nikakaa chini. Nikaokota punje.
Kesho, namba arubaini na mbili:
imeanza kuota kijivu pembeni,
bado haina harufu.