Koma Mbili

Mpwapwa, saa tisa mchana. Feni inakoroga vumbi.
Kaya namba 417, Chunyu:
safu ya watoto ni kijisanduku kimoja tu,
Chilewa,Ndahani,,Masima,Lubeleje,
wamelazwa humo mzungu wa nne
tangu dodoso la mwaka juzi.

Naandika ulizo: pasua penye koma,
kila jina lipate mstari wake,
umri wake, darasa lake, chandarua chake.
Nabonyeza.

Wanaamka mmoja mmoja.
Chilewa.
Ndahani.

Masima.
Lubeleje.

Yoram wa mifumo anachungulia begani kwangu:
“Hilo kosa la uchapaji. Ongeza sharti,
tupu zitupwe.”
Kidole kilikuwa tayari.

Ila dodoso lile nililijaza mimi,
mwaka ambao mtama ulikauka ukiwa magotini.
Nilimuuliza mama yao, “Na wa tatu?”
Akaendelea kupepeta karanga,
maganda yakinirukia kwenye karatasi.
Nikaweka koma.
Nikasubiri.
Nikaweka nyingine.

Jioni ripoti imekwenda Dodoma:
kaya 417, mistari mitano,
vyandarua vitano.
Yoram hajahesabu.