Kwenye Saba Nukta Mbili

Ng'ong'ona, saa nane za usiku. Zamu yetu ya maji
ni Jumanne; leo Ijumaa.
Ndoo zimekaa mlangoni midomo wazi,
nami natafuta maji kwenye nyota
ambayo bado haijajua kuwaka vizuri.

Imejifunika vumbi gubigubi,
na kila punje ya vumbi imevaa barafu
nyembamba kuliko utando wa uji uliopoa.
Mwanga ukipita humo hautoki mzima.
Kinachonifikia Dodoma ni mstari wenye mapengo,
kitenge kilicholiwa na panya,
nami naulizwa niwataje panya kwa meno yao.

Programu yangu haijui nyota. Inajua kujumlisha.
Inachukua barafu za maabara,
amonia kidogo, methani chembe, methanoli,
inachanganya, inalinganisha, inakosea,
inapunguza kosa, inachanganya tena,
mara elfu arobaini
kabla jogoo wa kina Chilongani hajawika.
Luku inasoma uniti nne.

Shangazi Mbeleje wa Mvumi hufanya hivi kwa ulimi.
Mlenda wa harusi, sufuria la watu mia:
anachovya tonge, anafumba jicho moja.
"Safwe. Karanga za mwaka jana. Magadi yamezidi.
Na aliyepika alikuwa na haraka."
Mara moja tu, kule Handali,
alitafuna kimya, akachovya tena, akasema,
"Kuna kitu humu. Sikijui."
Akanyanyuka kwenda jikoni kuuliza.

Mimi jikoni kwenyewe siwezi kwenda.

Saa kumi na moja majibu yanatoka.
Maji, ndiyo. Hewa ya ukaa, ndiyo. Methanoli, bila aibu.
Ila kwenye saba nukta mbili
pengo limebaki, dogo, kama la jino la mtoto.
Programu inasema: ethanoli, asilimia hamsini na tano.
Pombe! Wanzuki wa mbinguni;
magazeti yangetupigia simu.
Lakini asidi ya siafu nayo inadai pengo lilelile.
Panya wawili, meno mamoja.

Kwenye safu ya mwisho naandika
maneno ya Shangazi, yote mawili na nusu.
Luku inaanza kulia.

Nje kipupwe kinauma. Nainamia ndoo ya tatu:
chini kabisa, maji ya kunawa uso,
na juu yake vumbi la usiku
limetanda, jembamba,
halijaguswa.