Senti Sita

Riali nne na nusu. Thuweni wa Ruwi
akaapa, kiganja juu ya daftari la madeni:
"Kidude hiki hakikosei hata senti."
Senti zenyewe si za kununulia chapati:
kati ya sauti na jirani yake zimo mia.

Nyumbani Mabela nikakibana kichwani mwa gitaa.
Kiyoyozi kumi na nane. Uzi baada ya uzi
sindano ikasimama wima, taa kijani,
mara sita, kama mtoto aliyekariri jedwali.

Nikatoka nalo barazani.
Agosti.
Miwani ikafuka ukungu, joto likalishika gitaa shingoni,
na taa zote nyekundu.
Hakikuongopa. Sauti ilikuwa imekwenda kweli.

Nikazikaza, nikangoja, nikazikaza tena.
Kijani. Nikazipiga zote kwa pamoja,
na Raiya, pasi mkononi, kwenye ufa wa dirisha:
"Wa pili unalalamika."
Nikamwonyesha taa.
"Sikuiuliza taa."

Kumbe kidude huhoji kila uzi peke yake,
mlango umefungwa,
na kila mmoja husema kweli.
Hakijapata kuzisikia zikikaa nyumba moja.

Nikaulegeza wa pili, senti sita labda,
pungufu ya unywele.
Taa ikageuka njano, ikanikodolea.
Nikapiga.

Pasi ikasimama juu ya kanzu ya Ijumaa.
Kisha Raiya akazima kiyoyozi,
akafungua dirisha lote.