Beseni la Bluu

Tulishuka saa tisa usiku, wanne,
na mashanta yaliyokwisha kuizoea migongo yetu
kama watoto wasiotaka kushushwa.
Tangu Dodoma nilikuwa nauza maneno:
subirini Tabora, mtaona, subirini.
Ladislaus akaangaza macho: mbuzi watatu, taa moja,
mlinzi aliyejifunika kitenge hadi utosini.
"Tumeona," akasema. "Kuna kingine?"

Naijua njia, nikawaambia, nifuateni.
Kata kushoto penye kinyozi,
shika ukuta wa tofali za kuchoma,
ukisikia redio ya fundi baiskeli, umefika Cheyo.

Kinyozi hayupo.
Ukuta umepigwa plasta, umepakwa tangazo la simu,
na ule udongo mwekundu niliousifu njia nzima
umelazwa chini ya lami
kama mgonjwa aliyefunikwa shuka.
Tulizunguka hadi adhana ya alfajiri.
Mwanaidi akakaa juu ya begi lake katikati ya barabara:
"Mwenyeji wetu, hebu tuulizie mwenyeji."

Miaka miwili niliishi hapa.
Mchana nilijifunza breki za mabehewa,
usiku nilisikiliza kichwa cha treni
kikikata safari za watu vipande vitatu,
hiki Mwanza, hiki Mpanda, hiki Kigoma.
Nilidhani mji ni kitu unachokiacha mahali,
kama mwavuli kwa jirani:
ukirudi unabisha hodi, unapewa.

Bi Kalunde alifungua mlango, upawa mkononi.
"Mwangaluka," nikasema,
kwa lafudhi niliyoifanyia mazoezi toka Manyoni.
Akaitikia. Akanitazama viatu, magoti, uso.
Nikataja jina langu; halikuingia popote.
Nikataja chumba cha uani,
nikataja homa ile ya Aprili, uji wa siku sita.
"Wapangaji ni wengi, mwanangu, na wote huugua."
Kisha upawa ukaninyookea:
"Ngoja. Wewe ndiye uliyepasua beseni langu la bluu!"

Wenzangu walicheka hadi kuku wakaruka ua.
Changu kicheko kilichelewa,
na kilipofika kilikuwa kimelowa.

Siku tatu tulitafuna matobolwa na karanga.
Tumsifu alinunua asali katika chupa ya mafuta ya kula,
asikaze kifuniko;
soksi, daftari, tiketi zetu zote zikanata,
nyuki wawili wakamsindikiza hadi sokoni
bila kumuuliza nauli.

Mimi jioni nilitoka peke yangu,
nikitafuta nilichokifuata.
Sikujua kinaitwaje, basi sikumuuliza mtu.
Niliporudi, Mwanaidi alikuwa uani na ungo mapajani,
anapepeta mchele, pumba zimemganda nyusi.
Keshajua jirani yupi ameoza binti,
bomba lipi hukauka saa nne.
"Fundi wako wa baiskeli," akaniambia bila kuinua kichwa,
"kahamia Isevya. Redio kaiuza."

Asubuhi nikaenda kununua beseni.
La bluu halikuwepo, nikachukua la kijani.
Bi Kalunde akaligonga kwa kidole
kama apimaye chungu,
akalisikiliza mpaka likanyamaza.
"Zuri," akasema. "Lakini sasa umeshalipa.
Nitakukumbuka kwa lipi?"

Stesheni, mabehewa yakagawanywa,
vyuma vikagongana, nikataja kila kishindo kabla hakijalia
na hakuna aliyesikiliza.
Tulikaa upande wa Kigoma.
Mama mmoja, kikapu cha vifaranga miguuni,
akatutazama mmoja mmoja:
"Na nyie wanangu, kwenu wapi?"

Nikafungua mdomo.

"Tabora," akasema Mwanaidi, mzaliwa wa Pangani,
akiilamba tiketi yake pembeni.