Doa Limegoma

Kitabu kililetwa kwangu ndani ya mfuko wa samaki.
Usiku ule maji yalipanda ngazi za Cannaregio,
king'ora kikalia mara nne,
na Toldo, muuza ngisi, ndiye aliyekiopoa
sebuleni kwa mjane Scattolin,
kikielea karibu na kiti cha marehemu.
Nilimwambia kwa simu: kigandishe!
Karatasi iliyolowa haingoji asubuhi,
ukungu hauna adabu ya kubisha hodi.

Siku arobaini kikalala na ngisi.
Misiba ya Wayunani, chapa ya mwanzo mwanzo,
herufi za risasi zilizopangwa moja moja
hapa hapa Venisi,
enzi ambazo mababu zangu walitia sahihi kwa msalaba.
Nakala saba, wanasema, zimebaki duniani.
Hii ya nane inanuka soko.

Mimi sijui Kiyunani.
Ninaijua karatasi: kitani, matambara, mashati
ya watu ambao jasho lao limo humu bado.
Ninaijua gundi ya ngano, na mfupa wa kukunjia,
na namna ya kuachanisha kurasa mbili zilizoshikana
kama unavyofumbua ngumi ya mtoto aliyelala.

Ila Ersilia, mwalimu wa Padova,
aliwahi kunifundisha maneno matatu:
*ai ai. Oimoi. Ototoi.*
"Wala si maneno," alisema.
"Ni kile kinachobaki mdomoni
maneno yakishakimbia."
Basi hivyo ndivyo ninavyozisoma tamthilia hizi,
kutoka kilio hadi kilio,
kama mtu avukaye uwanja uliofurika
akikanyaga mbao tu.

Jani la themanini na tisa.
Katikati ya kilio cha tatu
herufi moja imesimama kichwa chini.
Mpangaji alikuwa Mkrete, nadhani; nampa jina, Manousos;
nampa barua iliyofika asubuhi hiyo kutoka Kandia,
nampa mkono unaotetemeka.
Halafu namnyang'anya vyote.
Labda alikuwa na njaa tu.

Lakini pembezoni, pembezoni kuna mkono mwingine,
wino wa kutu, lahaja yetu, hii tunayonunulia mkate:
*Hivyo hivyo, Zaneto wangu.*
Basi. Hakuna tarehe.
Na juu ya jina, matone matatu ya kale,
yaliyokauka karne nyingi kabla ya mafuriko haya.
Wino wa chapa ni wa mafuta, haujali maji.
Wino wa mkono huyeyuka upesi:
herufi ya kwanza ya jina imevimba
ikawa kama mbegu iliyolowekwa.

Mjane anataka pasafishwe.
Mnadani, doa hula bei; maandishi ya mtu asiye na jina hula zaidi.
Simlaumu. Sakafu yake imeoza,
na watu wa bima wamemjibu kwa mistari mitano.
"Liondoe tu," alisema, "wewe una mikono."

Ni kweli, ninayo.
Saa moja ingetosha: maji vuguvugu, brashi ya manyoya ya kindi,
karatasi ya kunyonya juu na chini,
na Zaneto angeondoka bila kumsumbua mtu.
Nilichovya brashi.
Niliishika juu ya tone la kwanza
mpaka kiwiko kikaniuma,
mpaka nikaona brashi yenyewe inakaribia kudondosha
tone la nne.

Nikaiosha, nikaitundika.
Kwenye ripoti, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazi,
miaka thelathini bila kudanganya mteja, nimeandika:
*Jani la 89. Doa limejaribiwa mara tatu. Limegoma.*

Toldo alikuja kuulizia mfuko wake.
Alisimama mlangoni na mabuti yake, hakutaka kuchafua,
akakitazama kitabu kilivyolala wazi chini ya taa.
Akauliza kama wale ngisi waliolala nacho
sasa anaweza kuwauza kwa bei ya juu kidogo.