Muhuri wa Mbao

Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.
Changu kilikuwa kwenye aproni,
cheupe, laini, kikinukia jua la Juni,
nikikikung'uta kila jioni mlangoni
na njiwa wa Altamura wakikishukia kudonoa.

Miaka thelathini na minne mbele ya tanuri la baba.
Saa nane usiku nakanda, saa kumi napiga muhuri:
herufi mbili, N na L,
zilizochongwa na babu kwenye kipande cha mzeituni
ili mkate wetu usipotelee kati ya mikate ya jirani,
zama zile mtaa mzima ulipochangia moto mmoja.

Kisha damu ikapungua. Kucha zikawa karatasi.
Tumbo likaumuka kama donge lililosahauliwa karibu na joto.
Oronzo, mume wangu, akasema ni umri.
Padri akasema ni huzuni.
Dada yangu Nunziata akasema ni kijicho cha watu,
akadondosha mafuta kwenye sahani ya maji
na kuyasomea.

Daktari Cornacchia hakusema neno.
Aliingiza mrija wenye jicho, akanionyesha kwenye skrini
ukuta wa utumbo wangu mwenyewe.
"Hapa pangekuwa na vinyweleo, vimesimama wima, vikipokea."
Nikatazama. Niliijua ile picha.
Ni shamba la ngano baada ya mvua ya mawe.

Seliaki, akaandika.
Hakuna kidonge, hakuna sindano. Dawa ni kuacha.
Kuacha nini? nikamuuliza,
unga ungali kwenye nyusi zangu.

Tangu hapo mkate naununua duka la dawa.
Mimi, mjukuu wa Nicola Loiudice,
kwenye foleni kati ya mwenye kikohozi na mwenye bawasiri,
kuponi ya serikali mkononi,
narudi na kitu kilichofungwa kwa plastiki
kinachovunjika kabla hakijatafunwa.

Jikoni nimechora mpaka.
Sufuria nyekundu ni yangu, chujio jekundu, ubao mwekundu.
Kijiko kilichogusa tambi za Oronzo hakivuki.
Oronzo mwenyewe hupiga mswaki kabla ya kunibusu;
miaka thelathini ya ndoa,
leo ndiyo tunaombana ruhusa kama wachumba.

"Kidogo tu, Donata. Kipande kama ukucha. Kitakufanya nini?"
Huniambia hivyo wale wanaonipenda, harusini,
huku mkoba wangu umeficha wali baridi kama mali ya wizi.
Ukucha ule nitaulipa siku nne chooni,
na wiki nzima ya kuiburuta miguu kama si yangu.
Nacheka. Nasema nimeshiba.

Usiku mmoja wa Januari nilikanda mchele na mahindi.
Donge likanata vidoleni kama tope,
halikuvutika, halikunijua.
Nikalipiga muhuri hata hivyo.
Lilipoiva, herufi zilikuwa zimejifumba
kama macho ya mtoto aliyesusa.
Nikaula ule mkate ungali moto, kwa chumvi na mafuta,
nimesimama.
Haukuwa mtamu.
Haukuniuma.

Tanuri nimempa Saverio, mtoto wa Nunziata.
Mikono anayo, pua hana.
Dirisha langu linatazamana na bomba lake la moshi,
na leo, saa kumi na nusu alfajiri, harufu ilipanda:
kwanza utamu, kisha njugu,
kisha ule uchungu mwembamba unaotangulia kuungua.
Nikafungua dirisha na gauni la kulalia:
"Saverio! Toa!"
Mbwa wakabweka. Mtu wa ghorofa ya tatu akanitukana, mimi na ukoo wangu.
Kule chini, mlango wa chuma ukalia.